Finya Mara Mbili

Boksi lilikuwa la mabuti ya mvua, lile refu, na Fundi alilipakata njia nzima kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Dereva wa teksi alimtazama kwenye kioo mara tatu. Mara ya nne uvumilivu ukamshinda.

"Dada, humo mna keki? Nikanyage breki taratibu?"

"Si keki, kaka. Lakini kanyaga taratibu hivyo hivyo."

Basi yule kijana akapunguza mwendo, akawa anakwepa kila shimo kama anayepita juu ya mayai, na hakuuliza tena. Wema mdogo kama huo, siku ambayo moyo umevimba, humtoa mtu machozi. Fundi aligeukia dirishani akajifanya anasoma mabango.

Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa cha mwanamume. Kichwa cha mpira laini, rangi ya ngozi imepakwa tabaka juu ya tabaka, nywele zimepandwa kwa sindano unywele mmoja mmoja, macho yamefumbwa, masharubu mazito yamelala juu ya mdomo. Kazi ya siku mbili mchana na usiku. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na ndicho kilichomfikisha hapa.

Ujumbe wa mama yake Mwalimu ulikuwa mfupi: "Njoo nacho hicho kichwa. Saa nane. Usikose."

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano. Tangu ile Jumamosi ya sinema, siku nane sasa, Mwalimu hakuwa amepokea simu ya mchumba wake hata mara moja.

Watu wote walimwita Fundi, na si bure. Alianza akiwa msusi kwenye saluni ya shangazi yake. Siku moja wapiga filamu waliingia mbio na mwigizaji wao, wanataka mtu wa kumchora jeraha shavuni. Wenzake walicheka. Yeye alichukua unga, sharubati nzito na rangi ya chakula, akakoroga, akapaka. Alipomaliza, mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliinuka akakimbia kuita gari la wagonjwa.

Huo ukawa mwanzo. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza moshi wa filamu alimchukua akamfundisha: namna ya kunyeshesha mvua kwa mabomba mahali pasipo wingu, namna ya kuwasha moto mkubwa usiounguza mtu, namna ya kuvunja kioo kisichokata. Miaka kumi na minne. Kucha ya kidole chake kidogo ilikwenda na baruti, haikurudi tena. Waongozaji walisema huyu dada akikutengenezea kidonda, utakwenda hospitali kweli. Lakini wanaume, jamani! Mmoja alifungua friji yake akitafuta maji, akakuta mkono. Alitoka bila kuvaa viatu, na viatu hivyo vipo mpaka leo.

Mwalimu hakukimbia. Wapiga filamu walikuwa wameazima madarasa ya shule yake wakati wa likizo, Fundi akahitaji uso wa mtu wa kufanyia majaribio ya kalibu, lile umbo la plasta la kunakili uso, na wanafunzi waliokuja kushangaa wakamsukuma mbele mwalimu wao wa hesabu. Akakaa kwenye kiti, mpole, miguu ameibana kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Nitakufunika uso mzima," Fundi alimwambia. "Hutaona, hutasikia, hutasema. Nitaacha matundu ya pua tu. Watu wengine huingiwa na hofu. Kwa hiyo nitakushika mkono. Ukiwa sawa, finya mara moja. Ukitaka kutoka, finya mara mbili. Hapo nitakutoa saa hiyo hiyo, sitakuuliza kwa nini, hata kama kazi yote itaharibika."

"Hata ikiwa imebaki dakika moja?"

"Hata nusu dakika. Hiyo ndiyo sheria ya mikono yangu."

Alifinya mara moja. Plasta ilipokauka na kutolewa, na uso wake ukatokea umejaa unga kama mtoto aliyeiba mkate, mkono wake ulikuwa bado umeshika. Fundi alimfuta, akamtazama taratibu kama anavyotazama kazi, akasema, "Mwalimu, una uso mzuri. Hauna haraka." Hakujua kwa nini mtu mzima alishindwa kumjibu.

Toka siku hiyo hawakuhitaji maneno mengi. Alipompeleka kwa mama yake mara ya kwanza, na mama akauliza, "Mwanamke anayeshinda na damu na maiti, ataweza kulea?" Mwalimu alitafuta mkono wa Fundi chini ya meza. Akaufinya mara moja. Niko sawa. Tuendelee.

Teksi ikasimama.

"Nikungoje?" dereva aliuliza.

"Huenda nikakaa."

"Mimi nipo hapa kivulini. Ukikaa sana nitakuwa nimelala, uniamshe tu."

Mlango ulifunguliwa na dada yake Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hajaamua kama atamwita Fundi wifi au la.

"Umefika," alisema. "Na marehemu wetu umemtia kwenye boksi la viatu."

"Wifi, nilikuwa sijui."

"Hukujua nini? Mtu anamchora kaka yangu, tuliyemzika miaka kumi na moja iliyopita, nyusi kwa nyusi, halafu anasema hakujua!"

"Sijawahi kuona hata picha yake. Nani aliwahi kunionyesha?"

Wifi akaachia kitasa cha mlango. Ni kweli. Picha ya kaka ilikuwa moja tu, na ilikaa chumbani kwa mama, ndani ya sanduku. Mgeni haoni sanduku la mtu.

"Pita," akasema, sauti imeshuka. "Mama hajala tangu asubuhi. Na huyo mwingine yumo, amenuna kama wingu la mvua. Leta nikushikie mkoba."

Sebule ilikuwa imefagiliwa. Meza imeondolewa vikombe vyote, imetandikwa kitambaa cheupe, na pembeni pana beseni la maji na taulo dogo. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti. Amevaa vile viatu vyake vya kutokea, vilevile alivyovivaa Jumamosi ile.

Fundi alipoviona viatu vile, alilikumbatia boksi. Maana Jumamosi ile mama alikwenda sinema kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza maishani. Alisema, "Kama atakuwa mkwe wangu, nikaione basi kazi yake." Alinunua bisi kwa fedha yake mwenyewe, akampa Fundi pakiti nzima, akasema, "Kula, umekonda kwa kazi." Wakaketi watatu, mama katikati, ameshika mkono wa mwanawe kwa sababu giza lilimtisha kidogo.

Kisha likaja lile tukio la chumba cha maiti. Mhudumu akavuta shuka, na kile kichwa cha Fundi kikajaa ukuta mzima. Na mama akasimama katikati ya ukumbi, akaachia mkono wa mwanawe wa pili, akainua yake yote miwili kuelekea kwenye kitambaa cha picha.

"Mwanangu!" alilia. "Kumbe hukuungua! Mbona hawakuniambia umelala vizuri hivi?"

Watu wa nyuma walicheka. "Kaa chini mama, hiyo filamu!" Hawakujua. Hawakujua kwamba kifungua mimba wake alikuwa dereva wa lori la mafuta, kwamba lori liliwaka, kwamba aliletwa ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari na wanaume wakamzuia mama asifungue. Mlinda mlango mmoja tu ndiye aliyekuja na maji, akapiga magoti gizani, akamfunga mama kamba ya kiatu kilichofunguka. Fundi alikuwa akimwombea yule mtu kila siku.

Na Mwalimu? Mwalimu alibaki amekaa, mkono wake wazi juu ya kiti, vidole bado vimekaa umbo la mkono ulioondoka.

Leo alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua."

"Mama, kabla sijafungua, nataka kuomba radhi."

"Radhi utaomba baadaye. Kwanza nijibu. Nani alikuambia habari za masharubu?"

"Hakuna, mama. Kalibu ya mwigizaji ilipasuka, zimebaki siku mbili tupige picha, na rafuni nilikuwa na uso mmoja tu wa mwanamume. Wa Mwalimu. Sikutaka watu wamtambue. Nikafuta lile kovu lake la kwenye nyusi, nikamwongezea umri kidogo, nikampa masharubu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kifupi, kikavu.

"Ukamfuta mdogo," alisema, "ukampata mkubwa."

Dirishani, mabega ya Mwalimu yalishtuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji.

Fundi alifungua boksi. Aliweka kichwa juu ya kitambaa cheupe, akarekebisha shingo ili uso uangalie juu. Wifi aliweka mkono mdomoni. Mama hakulia. Alivuta kiti, akasogea, akagusa shavu kwa kidole kimoja.

"Mbona ana baridi?"

"Ni mpira, mama. Ukimshika kidogo atachukua joto la mkono wako."

Mama akaweka viganja vyote viwili. Akangoja.

"Kweli," alisema. "Anachukua."

Akalowesha taulo, akalikamua, akaanza kumfuta. Paji la uso. Nyuma ya masikio, pale mama yeyote hujua pana uchafu hata mtoto akiapa ameoga. Alifuta polepole, na kazi ya Fundi, rangi zile zote za tabaka juu ya tabaka, haikutoka hata chembe.

"Siku ile hawakuniacha nimfute hata vumbi," alisema, kama anayezungumza na taulo. "Masharubu haya yalikuwa yanaingia kwenye chai. Nikamwambia, kata. Akasema, mama, mimi suti sina, hii ndiyo suti yangu." Akayalaza vizuri kwa kidole gumba. "Miaka kumi na moja nikifumba macho namwona mweusi kama mkaa. Leo nitamwona hivi."

Alimaliza, akamkausha, akakaa naye.

Hatimaye mama akainua macho. "Mikono yako niliitukana," alimwambia Fundi. "Nilisema ni mikono ya maiti. Mungu anisamehe. Njoo hapa, mkwe wangu."

Mkwe wangu. Mwaka mzima Fundi alilingoja neno lile. Aliinama, mama akambusu viganja, kimoja baada ya kingine, na hata kile kidole kisicho na kucha hakukiruka.

Ndipo mlango wa uani uliposikika. Mwalimu alikuwa ametoka.

Fundi alimkuta karibu na kamba ya nguo, amesimama kati ya shuka mbili zilizoanikwa. Alikuwa amekonda. Siku nane tu, na kola ya shati imempwaya.

"Mama amenisamehe," Fundi alisema.

"Nimesikia."

"Hukufurahi?"

"Nimefurahi kwa ajili yake. Leo atakula." Akavuta pumzi. "Fundi, unajua shati langu la kwanza la kazi lilikuwa la nani? La kaka. Kitanda changu, cha kaka. Akiniita kutoka jikoni, huanza na jina lake, kisha hujirekebisha. Miaka kumi na moja anajirekebisha. Nikileta mshahara, anasema, kaka yako angefurahi. Sikuwahi kulalamika. Utamwonea wivu vipi mtu aliyekufa?"

"Hukuniambia haya."

"Kwako sikuwa na haja. Uliponifuta ile plasta ukasema nina uso mzuri, hauna haraka. Hakuna mtu aliyewahi kuusema uso wangu kama uso wangu. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo kama msichana."

Fundi akacheka na machozi yakatoka pamoja. "Basi ni uso huo huo niliou..."

"Uliulaza kwenye meza ya maiti," alisema Mwalimu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Ukalifuta kovu. Hilo kovu nililipata nikiwa na miaka tisa, nilianguka na baiskeli, na mama alikuwa akilitumia kututofautisha gizani, anapapasa nyusi zetu. Ndilo peke yake lililokuwa langu. Kwa nini hukuniuliza? Simu ilikuwa mkononi mwako."

Fundi angeweza kusema muda ulikuwa mdogo. Angeweza kumtupia lawama mwongozaji. Lakini uongo wake aliuweka kwenye kazi tu.

"Niliona fahari," alisema. "Niliona uso ninaoupenda kuliko nyuso zote ndio nitakaoutengeneza vizuri kuliko zote. Wala haikunijia kwamba ni wako. Nilishauona kuwa wetu."

"Na ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri."

"Mzuri mno. Mama aliachia mkono wangu mimi niliye hai akaenda kuukumbatia." Alisugua ile nyusi yenye kovu, bila kujua kwamba anaisugua. "Wewe ndiye uliyekuwa mtu wangu mmoja, Fundi. Sasa ukinitazama, nitakuwa nauliza unamtazama nani. Tukiamka asubuhi nitauliza. Tukiwa wazee nitauliza."

"Nakutazama wewe. Nitaiacha kazi. Kesho nitavunja ile kalibu, vipande utavihesabu mwenyewe."

"Usiiache. Leo imemfanyia mama yangu jambo ambalo mimi nimeshindwa miaka yote." Akajaribu kutabasamu. "Hilo nalo linauma, ujue."

Upepo ulizitikisa zile shuka, zikawafunika kidogo, zikawafunua. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mama ikimwambia bintiye aweke chai, tena aweke vikombe vitano, kisha ikajirekebisha: vinne.

"Nipe mkono," Fundi alisema.

Mwalimu akampa. Ulikuwa na chaki kwenye mikunjo ya vidole, kama siku zote.

"Fumba macho."

Akafumba. Na uso ule usio na haraka ukawa mbele yake kama siku ya kwanza, hai, wenye joto, wenye kovu lake. Fundi aliutazama kwa makini, kila mstari, kwa njia ambayo hakuwa ameutazama alipokuwa akiutengeneza.

"Uko sawa?"

Mwalimu akafinya mara moja.

Fundi akashika pumzi. Moja ni niko sawa. Moja ni tuendelee. Aliomba vidole vile visisogee tena, aliomba kama ambavyo hakuwahi kuomba kitu. Tone la maji lilianguka kutoka kwenye shuka. La pili likaanguka.

Kisha akafinya tena. Taratibu, kama anayeogopa kuumiza.

Sheria alikuwa ameiweka Fundi mwenyewe. Huulizi kwa nini. Humbembelezi mtu, hata kama kazi yote itaharibika. Akafungua vidole vyake saa hiyo hiyo.

"Asante," Mwalimu alisema, macho bado amefumba.

Alipofika mlango wa mbele, Wifi alikuwa anamngoja na mkoba na boksi. Ndani ya boksi kichwa kilikuwa kimefungwa kwa mtandio wa mama, ule wa buluu wa kutokea.

"Mama anasema mrudishe kwenye kazi yake, yeye ameshamwona, inatosha. Ila umfunike, jua kali." Akasita, akitazama viatu vyake. "Na anasema Jumapili ijayo uje tupime gauni. Hata mimi nasema hivyo... wifi yangu."

Fundi alilipokea boksi kwa mikono miwili.

"Mwambie mama nashukuru kwa mtandio," alisema.

Dereva hakuwa amelala. Alimfungulia mlango, akamtazama usoni, akazima redio bila kuombwa.

"Taratibu?" aliuliza.

"Taratibu."

Gari lilipoondoka, Fundi alipitisha mkono chini ya mtandio, akagusa lile shavu. Lilikuwa bado na joto la viganja vya mama. Akaacha mkono wake pale pale, akafumba macho. Walipofika kona ya pili, joto lilikuwa limekwisha.